Je, Ni Lazima Kusubiri Mtoto wa Jicho Akomae?

Wengi huamini kwamba mtoto wa jicho ni utando unaoota juu ya jicho, na kwamba haufai kuguswa hadi ukomae kabisa. Ushauri wa kusubiri ulikuwa na msingi wake katika upasuaji wa zamani. Ukungu wenyewe, hata hivyo, uko ndani: ni lenzi iliyo nyuma ya mboni inayopoteza uangavu wake polepole, mara nyingi kwa sababu ya umri, na ndiyo maana hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kuuondoa.

Siku hizi daktari huitoa lenzi hiyo kupitia tundu dogo na kuweka ya bandia, na kinachoamua wakati ni jinsi uoni hafifu unavyomzuia mtu kusoma, kutembea au kufanya kazi. Kuchelewa mno kwaweza kuufanya upasuaji uwe mgumu zaidi.

Anayetaka kujipima afunike jicho moja, asome maandishi, kisha ayasome tena kwa jicho la pili. Halafu amwombe mtaalamu wa macho amweleze alichokiona ndani ya lenzi. Jicho linalouma, au lililopoteza uoni ghafla, lionwe siku hiyohiyo, kwani hiyo si kawaida ya mtoto wa jicho.