Je, wajua kwa nini rimiksi, yaani toleo jipya la wimbo, huipiku ngoma yenyewe?

Panda matatu ya mtaa wa Umoja, Nairobi, jioni, wakati Jogoo Road imefunga na kondakta ameongeza sauti mpaka vioo vinatetemeka. Ngoma ikianza, abiria hutikisa vichwa tu. Ikifika ubeti wa tatu wa rimiksi, ule wa msanii mgeni, viti vya nyuma huanza, kisha gari zima linaghani mistari neno kwa neno. Nimeliona jambo hili mara nyingi, na kila mara hujiuliza: mtu aliyealikwa kwa nusu dakika anawezaje kukumbukwa kuliko mwenye wimbo?

Anza na hiyo nusu dakika. Ubeti wa rap kwa kawaida huwa na baa 16, na kila baa ina mapigo manne. Biti ikienda kwa mapigo 90 kwa dakika, mgeni ana sekunde 43 hivi. Kwenye drili, mtindo wa rap wenye biti nzito, ya mapigo 140, kama ile ambayo kundi la Wakadinali limeyazoesha masikio ya Nairobi, anabaki na sekunde 27. Hana kiitikio cha kumbeba, hana muda wa kujitambulisha, na wimbo umeshajulikana mtaani kabla hajaingia. Msikilizaji naye hahangaiki tena kuijua biti wala kushika korasi. Sikio lake lote liko kwa maneno. Mgeni akiteleza, watu wote wamemwona.

Mambo hayakuanza hivyo, lakini. Rimiksi ya kwanza haikuwa na wageni, ilikuwa kazi ya mafundi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Kingston, Jamaika, santuri zilianza kutolewa na upande wa pili wenye muziki mtupu, sauti ya mwimbaji imeondolewa. King Tubby, aliyekuwa fundi wa vyombo vya umeme, akaligeuza jambo hilo kuwa sanaa: anazima dramu hapa, anaacha besi peke yake pale, anarudisha kipande cha sauti kikiwa na mwangwi. Kwenye nafasi iliyoachwa wazi wakaingia watu kama U-Roy, wakizungumza kwa vina juu ya muziki. Kool Herc alizaliwa Kingston hiyohiyo, akahamia New York akiwa kijana. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo nambari 1520 Sedgwick Avenue mtaani Bronx, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Mtindo wake ulikuwa kutumia nakala mbili za santuri moja ili kukirefusha kile kipande kinachowainua watu kucheza. Wanahip-hop wengi wanaihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa utamaduni wao. Ina maana watu walikuwa wakizipangua na kuzipanga upya nyimbo za wengine kabla rap haijapata jina.

Ile rimiksi ya kualikana, yenye foleni ya wafokaji, yaani marapa, kwenye biti moja, ilikomaa baadaye. Ukiniuliza ipi bora kuliko zote, sisiti: "Flava in Ya Ear" ya rapa Mmarekani Craig Mack, ya mwaka 1994. Toleo la kwanza alifoka peke yake, na ni wimbo mzuri. Kwenye rimiksi wakaja Notorious B.I.G., Rampage, LL Cool J na Busta Rhymes. Isikilize tena uone jinsi walivyopangwa. Mgeni ndiye anayefungua mlango, si mwenye nyumba. B.I.G. anaanza kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kula, na tangu hapo kila anayefuata lazima atafute pa kusimama. Busta anafunga kwa kelele na vurugu kwa sababu utulivu umeshachukuliwa. Mimi naamini mpangilio ule ndio uliomfanya kila mmoja awe yeye zaidi.

Na hapa sisi wa Kiswahili tunapaswa kuelewa haraka kuliko wengi, maana jambo hili liko kwetu zamani. Ni malumbano, yaani kujibizana kwa mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alitunga mashairi ya kurusha vijembe na kujibizana. Washairi walioendeleza mtindo huo, hata kwenye kurasa za magazeti, walikuwa na desturi moja nzito: anayejibu huchukua bahari ileile, yaani umbo lilelile la shairi, mara nyingi na vina vilevile vya aliyetangulia. Huruhusiwi kuhamia uwanja unaokupendeza wewe. Biti ya rimiksi inafanya kazi hiyohiyo. Mizani ni moja na mashahidi ni walewale, kwa hiyo ustadi unapimika. Nikiwa mpenzi wa hip-hop nawaomba walimu wetu wa fasihi walitazame hili kwa makini. Vijana wa Dandora na Kayole, mitaa ya Nairobi, wanafanya darasani mwao kile ambacho vitabu vinakieleza.

Dandora hasa. Kundi la Kalamashaka la huko lilipofoka kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye Ukoo Flani Mau Mau ilipowakusanya vijana wa Nairobi na Mombasa, biti moja iliweza kubeba sauti nyingi bila mtu kupotea. Ule ulikuwa ujamaa wenye ushindani ndani yake. Siku hizi roho hiyo naisikia pale wakubwa wanapoitwa na wadogo. Rapa Trio Mio alipotoa "Cheza Kama Wewe" alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Kwenye rimiksi wakaingia Exray, Nellythegoon na Mejja, mtu aliyekuwa akitamba tangu enzi za genge, mtindo wa rap wa Nairobi, za studio ya Calif Records. Kinachonifurahisha ni kwamba Mejja hakuja kumbariki mtoto kutoka juu. Alikuja na hadithi zake za kawaida, akaingia kwenye mchezo wa kijana kwa sheria za kijana.

Zipo rimiksi zinazoniudhi, nazo ni nyingi. Unazijua: msanii mkubwa ametuma ubeti kwa simu, ngoma inazungumzia kodi ya nyumba, yeye anazungumzia saa yake. Hajausikiliza wimbo. Sababu ya kibiashara naielewa, kwa kuwa kolabo huwaleta mashabiki wa pande mbili na wimbo unapata maisha ya pili. Hata hivyo sikio halidanganyiki. Tena wapo wanaochukua biti ya mwenzao bila hata kuomba, ilhali Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aigeuze.

Ule ustadi wa kujibizana kwenye biti moja niliushuhudia usiku mmoja Kayole, rafiki aliponipeleka studio. Chumba kimoja, vipande vya godoro vimebandikwa ukutani, blanketi limening'inia mlangoni, feni imezimwa isije ikasikika kwenye maikrofoni. Wafokaji walikuwa watatu, pamoja na mwenye wimbo, ambaye ubeti wake ulikuwa umesharekodiwa wiki nyingi nyuma. Wa pili akafoka, akamalizia na tokeni za stima zilizoisha chakula kikiwa jikoni. Wa tatu alikuwa na mistari yake tayari kwenye simu. Akavaa hedifoni, akasikiliza mara mbili, akakaa juu ya kreti ya soda, nikaona kidole chake kikifuta kila kitu. Alikaa pale kama saa nzima. Aliposimama, alianzia gizani: stima zimepotea, anapapasa kiberiti, anawasikia majirani wakiitana mmoja mmoja kwenye ngazi. Alikuwa ameichukua nyumba ya mwenzake palepale alipoiacha.

Prodyuza akarudisha ngoma mwanzo, tukaisikiliza yote kimya. Ilipokwisha, mwenye wimbo akavua koti, akaomba wafute ubeti wake. Anataka kuurudia.