Kofia ya viua: sanaa inayovaliwa kichwani

Kofia ya viua ni kofia ya duara, kwa kawaida nyeupe, inayodariziwa kwa mkono na kuvaliwa na wanaume wa pwani pamoja na kanzu. Iliyo bora kabisa, watu wa Lamu huiita kofia ya vito.

Viua ni vitundu. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli juu ya kitambaa cha pamba cha tabaka mbili. Kisha mshonaji hutoboa kitundu kwa sindano nene na kukizungushia uzi ukingoni, mshono ukibanana na mshono, hadi kitambaa kikakamaa na hakiwezi kufumuka. Halafu kinachofuata. Vitundu vikishapangana kwa mamia, ndipo maua na nyota hujitokeza. Kipande cha juu na kile cha kuzunguka kichwa hudariziwa mbalimbali, vikaunganishwa mwishoni. Kofia moja yaweza kula wiki nyingi, hata miezi, kwa kuwa Unguja washonaji wengi ni wanawake wanaoshika sindano wakishamaliza kazi za nyumbani.

Hiyo ndiyo sanaa ya jadi ya kila siku: kazi ya watu wa kawaida, iliyofunzwa na mama au shangazi, isiyo na jina la msanii, na inayotumika. Kofia huenda msikitini, sokoni na harusini. Huloa jasho, hufuliwa, hutiwa wanga na kuvaa tena umbo lake. Vile vitundu vinavyoipamba ndivyo vinavyopitisha hewa kwenye joto la kaskazi, na kwangu hapo ndipo ulipo ufundi wake mkubwa.

Siku hizi kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei nafuu, na anayezinunua simlaumu. Lakini kuziita kwa jina lilelile ni kumdhulumu mshonaji. Igeuze kofia ndani nje uangalie: ya mkono ina vitundu vilivyozungushiwa uzi kwa unadhifu pande zote mbili, ya mashine mara nyingi huonyesha nyuzi zilizorukaruka kutoka ua hadi ua.

Oman nako wanaume huvaa kofia iitwayo kumma, ndugu wa kofia hii. Unguja na Maskati ziliunganishwa na biashara na utawala wa ukoo mmoja wa masultani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilihamia huko na ufundi wao. Wanawake wa Oman bado wanazishona majumbani na kuziuza.