"Asilimia tano" si makato yote

Ikiibuka mada ya kuwachangia watengeneza maudhui kupitia majukwaa ya mtandaoni kama Patreon na Ko-fi, hakosekani mtu wa kusema: "Patreon ilikuwa inakata asilimia tano tu, YouTube wanakata thelathini, wezi wakubwa." Mwingine atadakia kwamba Ko-fi ni bure kabisa. Wote wanazungumzia ada ya jukwaa, wote wanaiita makato, na hesabu inaharibikia hapo hapo.

Makato ni chochote kinachopungua kati ya hela iliyotoka kwa mchangiaji na hela iliyomfikia mchangiwa. Basi. Ndani yake mna ada ya jukwaa, ambayo kwa kawaida ni asilimia, na mna ada ya muamala, ambayo inakwenda kwa wanaoitoa hela kwenye kadi na kuifikisha, kina Stripe na PayPal. Kodi na gharama za kubadilisha fedha nazo zipo, ila tuziache, zina vurugu zake.

Ada ya muamala ndiyo inayonichosha, maana watu huitaja kana kwamba nayo ni asilimia tupu. Kiwango kilichozoeleka Marekani ni asilimia 2.9 jumlisha senti 30. Watu wanashika 2.9, senti 30 wanaziacha njiani. Na senti 30 hazijali umetoa kiasi gani. Kwenye mchango wa dola 100 huzioni. Kwenye mchango wa dola 1 ni karibu theluthi. Chukua jukwaa la asilimia 5, mtu achangie dola 1: senti 5 za jukwaa, senti 3 hivi za ile 2.9, kisha senti 30. Mchangiwa anabaki na senti 62. Mwingine achangie dola 20 hapo hapo: zinafika dola 18.12. Mmoja kakatwa asilimia 38, mwenzake asilimia 9 na kidogo, na ukiwauliza wote watakwambia wako kwenye jukwaa la "asilimia tano".

Wala hizo senti hazikubuniwa na Stripe kwa roho mbaya. Kila kadi inapolipia kitu, benki iliyoitoa inadai chake, na sehemu ya dai hilo mara nyingi ni kiasi kisichobadilika. Marekani ilipoweka ukomo mwaka 2011 kwa kadi za debiti za benki kubwa, zile zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti, ukomo wenyewe uliandikwa hivyo hivyo: senti 21 kwa muamala, jumlisha asilimia 0.05. Yaani hata sheria ya kuzibana benki ilikubali kwamba muamala mdogo na muamala mkubwa vina gharama ya kuanzia inayofanana. Kwa hiyo mwenye kuchangisha vidola moja moja asijiulize tu jukwaa linakata asilimia ngapi. Ajiulize kadi inakatwa mara ngapi.

Patreon yenyewe ilijifunza hili hadharani. Jukwaa hilo lilianzishwa mwaka 2013 na Jack Conte, mwanamuziki wa YouTube, pamoja na Sam Yam. Kwa miaka kadhaa, mtu aliyewachangia watu kumi dola moja moja alikatwa kwenye kadi mara moja kwa mwezi, dola 10 kwa mpigo, na ada ya muamala ikagawanywa kwa wote kumi. Kila mmoja alibeba senti chache tu. Mchango wa dola 1 uliweza kuishi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya asilimia 5.

Desemba 2017 Patreon ikatangaza utaratibu mpya: kuanzia tarehe 18, mchangiaji angeongeza mwenyewe asilimia 2.9 na senti 35 juu ya kila mchango, ili mchangiwa apate asilimia 95 kamili. Kwa lugha ya huku kwetu, tuma na ya kutolea. Ukiisikia hivyo inaonekana ya kiungwana, na nadhani waliamini hivyo. Ila neno zito lilikuwa "kila". Aliyempa mtu mmoja dola 10 angelipa dola 10.64. Aliyewapa watu kumi dola moja moja, hela ile ile, angelipa dola 13.80. Sababu waliyoitoa ni kwamba walitaka kila mchango uwe na tarehe yake ya kulipwa, maana baadhi ya wachangiaji waliojiunga mwishoni mwa mwezi walikuwa wakikatwa mara mbili ndani ya siku chache. Tatizo lilikuwa la kweli. Dawa yake ndiyo ilivunja ule mkusanyiko wa mara moja kwa mwezi.

Wachangiaji wa dola moja moja wakaanza kujitoa kabla hata mpango haujaanza. Tarehe 13 Desemba Conte akaomba radhi na kuufuta, akikiri kwamba kuna waliopoteza wachangiaji na kipato. Wengi bado wanalisimulia tukio hilo kama "Patreon walipopandisha asilimia". Hawakuigusa. Ilibaki 5. Ilipokuja kubadilika kweli, mwaka 2019, waliojiunga upya wakawekewa ngazi za asilimia 5, 8 na 12, lakini safari hiyo michango ya dola 3 kushuka ikapewa kiwango chake cha muamala: asilimia 5 na senti 10. Angalia walichokifanya: asilimia imepanda, senti zimeshuka, na mwenye kupokea dola 1 kapata nafuu, kwa sababu sasa muamala unamla senti 15 badala ya 33 za kile kiwango cha 2.9 na senti 30.

Nirudi kwa "wezi" wa YouTube. Mtazamaji akituma Super Chat, yaani ujumbe wa kulipia kwenye matangazo ya moja kwa moja, mwenye chaneli hupata asilimia 70, na gharama za kadi YouTube inazibeba yenyewe (ukilipia kupitia programu ya iPhone, Apple anachukua chake kwanza, hiyo ni habari nyingine). Kwenye dola 1, chaneli inabaki na senti 70. Lile jukwaa la asilimia 5 tulilolipigia hesabu hapo juu lilibakisha 62. Mambo yanageuka mchango unapopita dola 1.36 hivi, na kwenye dola 5 YouTube iko mbali sana kwa ughali: inachukua dola 1.50, wakati lile lingine linaondoa senti 70 hivi. Siitetei YouTube. Nasema tu kwamba 30 na 5 huwezi kuzilinganisha kabla hujajua ni mchango wa kiasi gani.

Na Ko-fi? Kwenye michango ya mara moja, isiyojirudia kila mwezi, ni kweli haikati kitu. Lakini hela inapita PayPal au Stripe, nao hawafanyi kazi ya sadaka. Hapo neno "bure" linahusu jukwaa peke yake.

Kuna moja ndogo nayo naisikia sana, na husemwa na wachangiaji wenye moyo mzuri kabisa: kwamba dola 1 kila mwezi na dola 12 kwa mwaka ni kitu kimoja. Kwako wewe, ndiyo. Kwa unayemchangia, kama kila mchango unakatwa peke yake kwa 2.9 na senti 30, miezi kumi na miwili inaondoka na dola 3.95 za muamala. Ukitoa kwa mkupuo, zinaondoka senti 65.