Dumu Lisilo na Lebo: Kimiminika Hutambuliwaje?

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Tabora alituletea kichupa cha kimiminika alichokikuta stoo, kwenye dumu lililobanduka lebo. Hakina rangi. Stoo walishakubaliana kuwa ni spiriti, yaani ethanoli, kwa sababu kinanuka spiriti. Shida ni kwamba methanoli nayo ina harufu ya kukaribiana na hiyo, na methanoli ikinywewa inapofusha na kuua. Pua haitoi ushahidi hapa, na kuvuta mvuke wa kitu usichokijua ni hatari yenyewe.

Tulianza na densiti. Mililita 25, kwenye joto la nyuzi 26, zilikuwa na uzito wa gramu 19.6, yaani gramu 0.784 kwa kila mililita. Maji, petroli na klorofomu vikatoka kwenye orodha. Lakini ethanoli, methanoli, asetoni na isopropanoli zote zinabanana hapo hapo, zikipishana kwenye tarakimu ya tatu tu. Kwa mizani ya kawaida ya shule huwezi kuzitenganisha.

Kiwango cha kuchemka ndicho kinachozitenganisha. Weka matone machache kwenye kijineli chembamba cha kioo, tumbukiza kapilari (kijibomba chembamba mno cha kioo) iliyozibwa juu, mdomo wazi ukiangalia chini, kisha pasha taratibu ndani ya maji ya moto, kwa jiko la umeme, si la moto wa wazi. Viputo vitaanza kimoja kimoja, halafu vitatoka mfululizo kama uzi wa shanga. Acha kupasha. Viputo vitapungua, vitakoma, na kimiminika kitapanda ghafla ndani ya kapilari. Soma kipimajoto sekunde hiyo hiyo.

Tulisoma nyuzi 75. Kitabuni methanoli huchemka kwenye 64.7, ethanoli 78.4, isopropanoli 82.5, asetoni 56. Hakuna 75! Mwanafunzi angedhani amekosea, kumbe kosa ni kusahau alipo. Namba za vitabu ni za usawa wa bahari, na Tabora ipo mita 1,200 hivi juu yake. Hewa hapa ni nyepesi, ndiyo maana hata maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96. Tuliyachemsha siku hiyo hiyo kuhakikisha, tukaona upungufu wa nyuzi nne. Ethanoli nayo hushuka kwa kiasi cha kukaribia huo. Ethanoli, basi.

Hata hivyo ethili asetati, kiyeyushi kingine kisicho na rangi, huchemka kwenye 77.1 kitabuni, jirani kabisa. Yenyewe imekataliwa na densiti, kwa kuwa ina 0.90, na haichanganyiki na maji kikamilifu. Kipimo kimoja peke yake kingetudanganya.

Mwisho tulipima jinsi kinavyopinda mwanga. Warina asali wa huku wanaijua rifraktomita, kwa kuwa ndiyo hupimia maji yaliyomo kwenye asali, ila skeli ya asali huanzia juu mno kwa kazi hii; inahitajika ya maabara. Ilisoma 1.359, inayolingana na ethanoli. Methanoli ingesoma 1.328 hivi.

Ukikuta dumu la namna hii usilinuse, usionje, wala usimimine kidogo ukiwashe ili uone rangi ya moto: mwali wa methanoli juani hauonekani kwa urahisi. Lifunge, liweke mbali na jiko, andika "HAIJULIKANI" kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha peleka taarifa kwa wataalamu wa kemikali.