Je, wajua kwa nini mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hujaza vitanda vya hospitali?

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, usikilize. Mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na hata mapigo yakienda mbio huwa na mpango: unajua lini linakuja jingine. Wapo ambao mapigo yao hayatabiriki. Mawili ya haraka, kimya, moja hafifu, matatu kwa mkupuo. Mara nyingi huo ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ambao wodini utasikia ukiitwa AF tu, kifupi cha jina lake la Kiingereza, atrial fibrillation.

Moyo huendeshwa na umeme unaoanzia sehemu moja ndogo kwenye chumba cha juu cha kulia. Kwenye AF, cheche hutoka ovyo, nyingi zikianzia kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni, jambo ambalo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walilionyesha mwaka 1998. Chumba cha juu kikipokea ishara zaidi ya 300 kwa dakika hakiwezi tena kubana na kusukuma damu. Kinatetemeka tu kama uji unaokaribia kuchemka. Mtu hafi papo hapo kwa sababu katikati ya moyo kuna kituo kinachochuja ishara hizo kabla hazijafika vyumba vya chini. Zile zinazopita, zinapita bila utaratibu. Ajabu ni kwamba wengi hawahisi lolote.

Na si ugonjwa wa nadra. Hakuna hitilafu ya kudumu ya mapigo iliyoenea kuliko hii: makadirio ya mwaka 2019 yalihesabu watu karibu milioni 60 duniani, ukijumlisha na hitilafu moja inayofanana nayo. Utafiti uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba aliyefikisha miaka 40 ana uwezekano wa mtu mmoja kati ya wanne kuupata maishani.

Marekani hulaza wagonjwa zaidi ya 450,000 kwa mwaka ambao AF ndiyo sababu kuu ya kulazwa. Mimi nadhani idadi hiyo inaficha nusu ya habari. Kwenye chumba cha juu cha kushoto kuna kijifuko kidogo. Damu isiposukumwa hutuama humo na kuganda. Bonge likichomoka, hupanda hadi kwenye ubongo. AF huongeza hatari ya kiharusi mara tano hivi, na kiharusi cha aina hii huwa kikali. Mgonjwa huyo atalala wodini majuma kadhaa, na kwenye faili itaandikwa kiharusi. Mwingine ataletwa amevimba miguu na kukosa pumzi kwa kuwa moyo umechoka kukimbia ovyo, naye ataandikiwa moyo kushindwa kufanya kazi.

Kwetu hesabu inaonekana ndogo. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 2,232 wenye miaka 70 na zaidi walipimwa, wakapatikana 15 tu wenye AF. Kabla hatujashangilia, tukumbuke kwamba upimaji wa namna hiyo huwakuta walio hai siku hiyo. Katika utafiti mwingine uliofuatilia wagonjwa wa AF waliofika vitengo vya dharura katika nchi 47, karibu mmoja kati ya watano wa Afrika alikuwa amefariki ndani ya mwaka. Amerika Kaskazini na Ulaya Magharibi vifo vilikuwa vichache zaidi.

Chanzo nacho hutofautiana. Kote duniani presha ndiyo kinara. Lakini Afrika, mmoja kati ya watano katika utafiti huo alikuwa na ugonjwa wa valvu, yaani vilango vya moyo vinavyozuia damu isirudi nyuma, unaotokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri. Amerika Kaskazini walikuwa kama wawili kwa mia. Kinga ya mwili ikikosea hushambulia valvu, valvu hukaza, chumba kilicho nyuma yake hutanuka, mpapatiko unaanza. Ndiyo maana hapa kwetu mgonjwa anaweza kuwa mama wa miaka 35, wala si babu.

Kwa wagonjwa hao kuna kikwazo kingine. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda hazihitaji kupima damu kila mara, lakini jaribio la mwaka 2022 lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 lilionyesha kwamba kwa wenye valvu za namna hii, dawa za zamani za jamii ya warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroxabani, mojawapo ya hizo mpya. Warfarini ni bei nafuu. Gharama iko kwenye INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho kwa kawaida kinatakiwa kukaa kati ya 2 na 3: kikishuka damu inaganda, kikipanda mtu anavuja damu. Anayeishi mbali na maabara hulipa nauli kila anapoitwa. Hata mboga zina neno lake, kwa kuwa vitamini K iliyomo kwenye mchicha, kisamvu na sukuma wiki hupunguza nguvu ya dawa. Daktari makini hakukatazi kuzila. Anakuomba usile sahani tatu juma hili na juma lijalo usiziguse kabisa.