Kwa nini ndege wa porini humwita binadamu amfuate hadi kwenye asali?

Mtu anayepita katika pori la miombo au katika nyika ya migunga anaweza kujikuta akizongwa na ndege mdogo wa rangi ya kijivu na hudhurungi, mwenye uzito wa gramu 50 hivi, anayelia mfululizo kwa sauti inayofanana na kiberiti kinachotikiswa. Ndege huyo haendi mbali. Huruka kutoka mti mmoja hadi mwingine akionyesha manyoya meupe ya ukingoni mwa mkia wake, hutua, humngoja mtu asogee, kisha huanza kulia upya. Jina lake la kitaalamu ni Indicator indicator. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi humwita tik'iliko. Nami hapa nitamwita mwongoza-asali, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake hasa. Anajua mzinga wa nyuki wa porini ulipo, na anatafuta mtu wa kufuatana naye.

Hakuna aliyemfuga wala aliyemfunza. Kwa nini, basi, ndege asiye wa mtu yeyote amtafute binadamu, kiumbe ambaye ndege wengine humkimbia?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa nyegere. Nilisadiki, na niliwaeleza wengine kwa uhakika mkubwa, kwamba mwongoza-asali ni mwenzi wa kale wa nyegere, kwamba humwongoza mnyama huyo hadi kwenye nyuki, nyegere akabomoa mzinga na kula asali, ndege akala mabaki. Na kwamba binadamu aliiga tu, akajiingiza katika ushirikiano uliokuwapo kabla yake. Maelezo hayo yanapendeza kwa sababu yanaondoa ugumu wote wa swali: ndege humwita mtu kwa kuwa amemfananisha na nyegere mrefu mwenye shoka. Yameandikwa katika vitabu vya watoto na kurudiwa katika vipindi vya wanyama, na ni vigumu kumlaumu mtu aliyeyaamini. Hata hivyo yanasimama juu ya ushahidi mdogo mno.

Habari ya nyegere iliingia katika maandishi ya Ulaya kupitia Anders Sparrman, msafiri na mtaalamu wa viumbe kutoka Sweden, aliyezuru kusini mwa Afrika katika miaka ya 1770 na kuchapisha maelezo ya ndege huyu mwaka 1777. Sparrman hakuwahi kumwona ndege akimwongoza nyegere. Aliandika alichosimuliwa, na waandishi waliomfuata wakanakiliana wao kwa wao kwa karne mbili. Mwaka 1990 W. R. J. Dean na wenzake waliipitia habari hiyo upya wakaonyesha jinsi msingi wake ulivyo dhaifu. Mwongoza-asali hufanya kazi mchana, ilhali nyegere katika maeneo mengi hutembea zaidi usiku. Nyegere hutafuta chakula akiwa ameinamisha kichwa na kunusa ardhi, si kwa kufuata ndege walio juu ya matawi. Tena mizinga mingi ambayo ndege huwaonyesha watu imo ndani ya miti mirefu, mahali ambapo mnyama wa miguu mifupi hapafikii kwa urahisi.

Hoja hizo zina nguvu, lakini hazifungi mjadala, na ingekuwa makosa kuliacha kosa moja ili kulikumbatia jingine. Nyegere hupanda miti inapobidi, na katika jangwa la Kalahari, wakati wa majira ya baridi, huzunguka mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulikusanya maelezo ya warina asali wapatao 400 katika nchi 9 za Afrika, uligundua kwamba jamii nyingi hazikuamini kabisa kuwa ndege na nyegere hushirikiana. Lakini miongoni mwa baadhi ya jamii za Tanzania, Wahadzabe wakiwamo, watu wengi walisema wameshuhudia jambo hilo kwa macho yao. Wahadzabe huwinda kimyakimya kwa upinde na hukaa porini muda mrefu kuliko mtafiti yeyote, kwa hiyo neno lao halipuuzwi. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba huenda uhusiano huo upo katika maeneo machache, na kwamba hautoshi kueleza tabia ambayo ndege huyu anayo kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Kuna jambo la kushangaza zaidi ndani ya habari hii. Ndege anayejulikana vizuri kwa kuandamana na nyegere ni mwingine kabisa, naye ni jamii ya kipanga wa Kalahari. Yeye haongozi. Hufuata nyuma, akawakamata panya na mijusi wanaotimuliwa nyegere anapofukua ardhi. Ushirikiano wa ndege na nyegere upo, basi, ila mwelekeo wake ni kinyume cha ule niliokuwa nikiuhubiri.

Nyegere akiondolewa katikati, swali hurudi kwa ndege mwenyewe: anataka nini? Wengi hujibu kwamba anataka asali, na hapo pia hukosea. Kinachomvuta zaidi ni nta, pamoja na majana ya nyuki yaliyomo ndani ya masega. Ndege wachache sana duniani huweza kumeng'enya nta. Mwongoza-asali huila kama mlo wa kawaida. Jambo hili liliandikwa mapema. Mmisionari Mreno João dos Santos, alipokuwa Sofala, mji wa biashara wa Waswahili katika pwani ambayo leo ni ya Msumbiji, aliona mwaka 1588 ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta iliyokuwa madhabahuni. Aliandika pia kwamba ndege hao huwaongoza watu kwenye nyuki, na hakuwa na haja ya nyegere ili kulieleza hilo.

Nta, hata hivyo, imefungiwa. Imo ndani ya mti wenye tundu dogo au katika ufa wa mwamba, ikilindwa na maelfu ya nyuki wa Afrika ambao hasira yao inajulikana. Mwongoza-asali hukagua mizinga asubuhi na mapema, au siku za mawingu na ubaridi, nyuki wakiwa bado wazito. Huchungulia mlangoni akaondoka. Hali yake ni ya mtu anayejua sanduku la mali lilipofichwa lakini hana ufunguo. Binadamu ana ufunguo, yaani shoka la kupanua tundu na moshi wa kuwatuliza nyuki, ila hajui sanduku lilipo. Hussein Isack, mtafiti wa Kenya, na Heinz-Ulrich Reyer waliupima upungufu huo wa pande mbili miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989. Bila ndege, warina asali walihitaji wastani wa saa 8.9 kuupata mzinga. Wakiongozwa na ndege walihitaji saa 3.2. Kwa upande wa ndege, asilimia 96 ya mizinga iliyoonekana ilikuwa ya aina ambayo asingeweza kuifikia nta mpaka mtu aifungue.

Faida ya kila upande iko wazi, lakini faida peke yake haielezi namna wanavyokutana. Pori ni kubwa, na watu wengi wanaopita humo hawana haja na asali: wapo wachungaji, wachanja kuni, wasafiri, watoto wanaokwenda kisimani. Ndege akimwita kila mmoja wao atapoteza siku nzima. Anahitaji kumtambua mtu aliyekuja kwa kazi hiyo, na hapa ndipo sauti ya mrina asali inapoingia.

Ichukulie kama hodi. Mtu akipita nje ya nyumba akakohoa, aliye ndani atajua tu kwamba kuna mtu. Hatatoka, kwa sababu kikohozi hakimsemeshi yeye. Mtu huyo akisimama mlangoni akasema "hodi", neno hilo moja hubeba habari tatu kwa pamoja: nipo, nimekuja kwako, na nina shida inayokuhusu. Aliye ndani huitikia "karibu" bila kuuliza zaidi, kwa sababu uzoefu umemfunza kwamba neno hilo halisemwi ovyo. Mrina asali Myao hufanya hivyohivyo. Huingia porini akitoa mtetemo wa midomo unaomalizikia kwa mguno mfupi, kitu kama "brrr-hm", sauti ambayo Wayao waliipokea kutoka kwa baba zao na ambayo katika kurina asali hutumika kwa ajili ya ndege huyo tu.

Claire Spottiswoode na wenzake waliijaribu sauti hiyo katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma ukitokea Tunduru. Walitembea porini wakipiga kwa spika ama mtetemo wa Wayao, ama maneno ya kawaida ya binadamu, ama mlio wa ndege wa jamii ya njiwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuwa dhahiri: kwa sauti nyingine uwezekano wa kuongozwa ulikuwa takriban asilimia 33, na kwa mtetemo wa Wayao ulifika asilimia 66. Uwezekano wa kuonyeshwa mzinga hadi mwisho ulipanda kutoka asilimia 16 hivi hadi 54. Maneno ya kawaida ni kikohozi cha mpita njia. "Brrr-hm" ni hodi.

Hodi, hata hivyo, ni desturi ya mahali. Ziko sehemu za Afrika ambako mgeni husimama nje akapiga makofi, na asiyejua desturi hiyo atadhani anasikia ngoma. Waborana huwaita ndege kwa mluzi mkali unaosikika umbali wa zaidi ya kilometa 1, wanaoupuliza kwa viganja vilivyofumbatwa, kwa makombe ya konokono au kwa tunda la mkoma lililotobolewa. Wahadzabe hutumia mluzi wenye lahani. Spottiswoode na Brian Wood waliuliza kama ndege wa Tanzania wangeitikia mtetemo wa Wayao, na ndege wa Niassa mluzi wa Wahadzabe. Jibu lao lilichapishwa mwaka 2023: katika milima ya Kidero, ndege waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara 3 kuliko sauti ya Wayao, ilhali kule Niassa waliitikia mtetemo wa Wayao karibu mara 2 kuliko mluzi wa Kihadzabe. Kila kundi la ndege linaijua hodi ya kwao.

Nani aliwafundisha? Hawezi kuwa mama. Mwongoza-asali hutaga katika viota vya ndege wengine, wakiwamo kerem wanaotaga katika mashimo ya ardhini. Kifaranga wake huanguliwa akiwa na kulabu kali kwenye ncha ya mdomo, nacho huitumia kuwaua vifaranga wa mwenye kiota gizani, siku chache tu baada ya kutoka kwenye yai. Hulelewa na wazazi wasiojua lolote kuhusu nta wala binadamu. Hamu ya kuongoza, kwa hiyo, inaonekana huzaliwa nayo, ilhali hodi ya mahali hujifunza baadaye, huenda kwa kuwatazama wakubwa wanaokusanyika kwenye mizinga iliyofunguliwa. Tofauti ya Kidero na Niassa inaelekea huko, ingawa haioneshi hatua kwa hatua namna kinda mmoja anavyojifunza.

Naye ndege akishaitikia, husema kwa undani ambao Waborana walikuwa wakiujua kabla ya watafiti kuupima. Mara ya kwanza hutoweka kwa muda akielekea upande wa mzinga. Akikawia kurudi, safari ni ndefu. Kadiri wanavyokaribia, hutua mbali kidogo tu na kituo kilichotangulia, na matawi anayoyachagua huwa ya chini zaidi. Wakifika, mlio wake hubadilika, ukawa laini zaidi na wenye mapumziko marefu, kisha hunyamaza. Hapo ni kazi ya macho na masikio ya mtu.

Malipo yanatofautiana kuliko nilivyotarajia. Wayao humwekea ndege vipande vya masega juu ya majani mabichi, kwa heshima inayostahili mwenza wa kazi. Wahadzabe mara nyingi hufanya kinyume: huyafukia, huyaficha au huyachoma mabaki, kwa hoja kwamba ndege aliyeshiba hataongoza tena siku hiyo. Wale wanaoona ukatili katika jambo hilo wakumbuke kwamba, kwa vipimo vya Wood na wenzake, asilimia 8 hadi 10 ya chakula cha Wahadzabe hupatikana kwa msaada wa ndege huyu. Hawamdharau, bali wanamtegemea kuliko tunavyomtegemea sisi tunaonunua sukari dukani.

Palipo na sukari ya dukani na mizinga ya kufugia nyuki, warina asali wa porini hupungua, na ndege wa huko huacha kuwaita watu. Hubaki wakiishi kwa wadudu na kwa nta wanayoiokota kwenye mizinga iliyohamwa. Lakini aliyepiga kambi katika nyika ambako kazi hii bado inaendelea hahitaji kujua mluzi wa mtu yeyote ili akutane naye, kwa maana moshi wa kuni na mlio wa shoka humvuta pia. Atatua kwenye mti ulio karibu na hema na kutikisa kiberiti chake kwa dakika kadhaa, akingoja kuona kama kuna atakayesimama.