"Yaishe" haimalizi ugomvi

Kazi yangu ni kuwanoa watu waweze kukabiliana na migogoro, nyumbani na katika kazi za sanaa. Wagomvi hawaniji sana. Wanaokuja ni wapole, waliosema "basi, yaishe" mara nyingi mno, mpaka siku moja wakajikuta wanatetemeka kwa hasira kwa sababu mwenzao kabadilisha rangi ya jalada.

Neno hilo lina sauti ya amani, na mara nyingine ni amani kweli. Lakini mara nyingi aliyelisema hajamaliza chochote, amefunika kombe tu. Utamjua kwa dalili: ujumbe wako anaujibu kwa neno moja, mazoezini anaanza kuchelewa, na kisa chake anamsimulia kila mtu isipokuwa mhusika. Nikikutana na mtu wa namna hiyo simhimizi kwanza awe jasiri. Namuuliza kitu gani hasa hakikuisha siku ile.

Kwenye ubunifu swali hili ni gumu zaidi. Mwambie fundi umeme kwamba waya umefungwa vibaya, ataufungua aufunge upya. Mwambie mshairi kwamba ubeti wa tatu umelegea, na huenda akasikia kuwa yeye ndiye aliyelegea. Simlaumu, maana ubeti ule ameutoa ndani yake. Ndiyo maana watu wa sanaa wanaweza kubishana mwezi mzima juu ya nukta na mkato huku jambo lenyewe halijatajwa hata mara moja.

Niliwahi kukaa na waandishi wawili wa mchezo wa redio (nimebadilisha mambo kadhaa wasitambulike). Mmoja alitaka onyesho la kifo cha mama liondolewe, mwingine alitaka libaki. Wiki tatu walikuwa hawasemezani. Kila mmoja alikuja na hoja nzuri za ufundi, na ningezifuata hizo tungekesha. Nikamuuliza kila mmoja peke yake: uamuzi ukienda kinyume nawe, unapoteza nini? Wa kwanza akakiri kuwa mchezo ulizidi dakika, na asipoukata yeye, mtayarishaji angekata popote apendapo. Wa pili alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee aliyoiandika peke yake, na kwingine kote watu wanamsikia mwenzake. Kumbe mmoja aliogopa kisu cha mtu wa nje, na mwingine aliogopa kufutika. Kifo cha mama hakikuwa na ubaya wowote. Walipunguza mazungumzo kwingine, wakakubaliana pia majina yao yatajwe vipi mwanzoni mwa kila kipindi.

Njia hii si yangu. Mary Parker Follett, mwanazuoni wa Marekani, aliieleza mwaka 1925 kwa kisa cha dirisha la maktaba. Yeye alitaka dirisha lifungwe, msomaji mwingine alitaka liwe wazi. Wakafungua dirisha la chumba cha pili, ambamo hapakuwa na mtu. Follett alisisitiza kwamba hapo hakuna aliyepunguziwa alichokitaka: mwenzake alihitaji hewa, naye hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Wangegawana nusu kwa nusu, dirisha lingebaki wazi kidogo na wote wawili wangeendelea kunung'unika. Kwa maoni yangu, mapatano mengi ya haraka ni dirisha la nusu.

Maneno mazuri nayo hayasaidii kitu mwili ukishachemka. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyewachunguza wanandoa wakibishana huku mapigo yao ya moyo yakipimwa, anaeleza kuwa moyo ukipita mapigo 100 hivi kwa dakika mtu hasikilizi tena ipasavyo, na huhitaji angalau dakika 20 kutulia. Wateja wangu huniuliza kama kuondoka si kukimbia. Inategemea umeondokaje. Ukisema "yaishe" ukabamiza mlango, umekimbia. Ukisema "nimepandwa na hasira, nipe nusu saa, saa kumi narudi tumalizie," umeacha ahadi mezani. Saa kumi ikifika, rudi kweli, hata kama hamu imekwisha.

Baada ya hapo tunafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza, kwa sauti, mimi nikiwa yule mtu mwingine. Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko popote. Karibu kila mtu huanza na "wewe huwa unanidharau," na mimi, hata kwa kuigiza tu, najisikia kujitetea. Tunairudia mpaka libaki jambo ambalo hata kamera ingeliona: "Jana ulibadilisha mwisho wa hadithi kabla ya kunionyesha. Niliumia. Naomba tukubaliane kwamba mwisho haubadiliki mpaka tuusome wote." Sentensi tatu tu, lakini nimeona watu wazima wakizirudia mara nane kabla sauti haijaacha kukwama.

Mambo ya malipo na jina la nani litangulie, yaandikeni kabla kazi haijaanza. Sina zaidi la kusema hapo.

Kuna watu nisiowapa mazoezi haya. Anayepigwa, anayetishwa, au anayeogopa kurudi nyumbani hahitaji sentensi bora, anahitaji usalama kwanza, na namwelekeza kwa watu wa kazi hiyo. Kumfundisha kuongea vizuri na anayemuumiza ni kumtwika yeye mzigo wa kosa la mwingine.

Kwa wengine wote, zoezi la mwisho kabla hawajaenda kuonana na mwenzao ni kukataliwa. Naigiza tena, nasema "hapana, sikubali," kisha nakaa kimya. Wengi hapo midomo huanza kulitafuta lile neno la zamani. Namngoja. Akipata la kusema badala yake, hata kama ni "sawa, lakini kwangu bado, tuzungumze tena kesho," namwambia yuko tayari kwenda.